Kelele zangu, mkate wake

Nimerudi jana usiku kutoka L'Aquila, Italia, nilikokuwa kwa siku nne pamoja na watafiti vijana wa maada ya giza (maada isiyoonekana, tunayoijua kwa mvuto wake tu) na nyutrino (chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu), wengi wetu tukiwa bado tunaandika tasnifu za uzamivu au tumezimaliza juzijuzi. Maprofesa hawakualikwa, na nadhani ndiyo sababu maswali ya kijinga yaliulizwa bila haya, yangu yakiwemo.

Siku ya pili tulipelekwa katika maabara ya Gran Sasso, iliyo chini ya mlima. Basi liko barabara kuu, ndani ya handaki la kilomita 10 hivi, mara linachepuka, linasimama mbele ya lango, na umekwisha kufika. Juu yako kuna mwamba wa mita 1,400, unaopunguza muoni, chembe zinazotoka angani na kuvuruga vipimo, takriban mara milioni moja. Ndani kuna baridi yenye unyevu, na kofia ngumu niliyopewa ilikuwa kubwa, ikawa inanifunika macho kila nilipoinama. Nilisimama kwa muda mrefu mbele ya tangi la maji la XENONnT, jaribio la kutafuta maada ya giza, ambalo katikati yake kumetundikwa chombo chenye zaidi ya tani 8 za zenoni, gesi iliyopozwa hadi ikawa kimiminika. Kinachongojwa humo ni chembe ya maada ya giza igonge kiini cha zenoni na kuacha kimulimuli hafifu. Haijagonga bado, au kama imegonga, hatujaitambua.

Jioni, mezani, nilikaa na dada mmoja mzaliwa wa Bukavu anayechunguza nyutrino za Jua. Tulianza kwa kubishana juu ya jina, kwa maana yeye haridhiki na neno "giza": giza, alisema, hata mtoto analiona, ilhali kitu hiki mwanga unapita ndani yake kama hakipo. Nilikubali kwamba ana haki, ingawa sina neno bora. Kisha nikamweleza kazi yangu, kwamba nakadiria kelele, yaani matukio yanayofanana na tunachokitafuta lakini siyo, na nyutrino za Jua zimo katika orodha hiyo.

"Kaka, hizo unazoziita kelele ndizo mkate wangu," akasema.

Tulicheka, lakini maneno yale yalinikaa. Kila sekunde nyutrino zaidi ya bilioni 60 kutoka katika Jua hupita kwenye eneo dogo kama ukucha wa kidole gumba, na karibu zote huenda zao. Mwaka 1974 Daniel Freedman alieleza kwamba nyutrino yenye nishati ndogo inaweza kukisukuma kiini cha atomu kizima kwa pamoja. Ilichukua hadi 2017 jambo hilo kuonekana, katika maabara ya Oak Ridge, Marekani. Mwaka 2024 XENONnT na wenzao wa PandaX-4T, jaribio kama hilo nchini China, walitangaza dalili za kwanza za mguso huo kutoka kwa nyutrino za Jua. Upande wa XENONnT yalihesabiwa matukio 37, ilhali kelele nyingine zilitarajiwa kuleta 26 hivi. Matukio 11 ya ziada, basi! Hayatoshi kuitwa ugunduzi kwa vipimo vyetu vikali, lakini kwa yule dada ni sherehe, na kwangu ni ukungu unaoanza kutanda mahali nilipotaka kuona mbali, kwa sababu kiini kilichosukumwa na nyutrino hakisemi kimesukumwa na nani.

Wengine walizungumzia mikataba ya miaka miwili na viza zinazochelewa. Hayo tunayajua, sitayarudia. Mmoja alikumbusha kisa cha 2011, pale pale Gran Sasso, nyutrino zilipoonekana kuushinda mwanga mbio, kumbe kebo ya nyuzi za mwanga haikuunganishwa sawasawa. Hakuna aliyecheka sana. Kila mmoja wetu ana kebo yake anayoiogopa.

Asubuhi ya leo nimemtumia yule dada faili langu la makadirio, safu ya nyutrino ikiwa bado inaitwa "kelele". Amejibu kabla ya saa sita, bila utani safari hii: ananiuliza nimepataje uwezo wa chombo kunasa vimulimuli vidogo kabisa, pale ambapo karibu nyutrino zake zote zinaangukia. Nimefungua daftari la Machi, na namba niliyoiandika pale haina maelezo yoyote kando yake.