Vitunguu na liki vilipoanza kutoa maua

Baada ya baridi ya wiki kadhaa, kitalu changu cha vitunguu kilianza kutoa mashina ya maua, na liki, zile mboga ndefu za jamii ya vitunguu, zikafuata. Kukata tumba peke yake hakusaidii: kitunguu kikishaamua kuzaa mbegu, hakinenepi tena. Nilivyovikuta na shina nikaving'oa mara moja, nikaviweka kando ili vipikwe kwanza. Ukipasua kimoja utaona bomba gumu limepita katikati hadi kwenye kitako. Hapo ndipo uozo unapoanzia, kwa hiyo usivichanganye na vya kuhifadhi.

Liki zina nafuu. Nilizipasua kwa urefu, nikachomoa kile kijiti cha ndani kilichokakamaa kama ubao, na majani ya nje yakabaki laini, mazuri kabisa kwa supu. Tumba changa nazo zinalika.

Chache niliziacha zichanue. Nyuki walizipenda mno, na mbegu nyeusi nikazivuna za kupanda msimu unaofuata, maana hazidumu sana.

Siku hizi nachagua vitunguu mbegu, yaani vitunguu vya kupanda badala ya mbegu, vilivyo vidogo, visivyozidi sentimita 2 kwa upana. Vikubwa ndivyo vinavyokimbilia maua baridi ikivipiga.