Siku moja maishani mwangu: IT wa benki kipindi hiki cha hendova (kukabidhi kazi)

Saa 11 alfajiri

Alamu bado haijalia ila mkono ushafika kwenye simu. Kuna grupu rasmi la idara afu kuna letu lisilo na bosi hata mmoja, hilo la pili ndo halilali. Tangu menejimenti waseme kazi za IT zinaenda kwa venda, yani kampuni ya nje, kila mtu ana chanzo chake. Usiku wa leo mmoja kaandika wanabaki watu wa sekyuriti ya mifumo tu, mwingine anabisha, eti wote tunahamishiwa kwa venda kwa mishahara mipya, na chanzo chake ni dereva wa mkurugenzi. Nimesoma zote mpaka mwisho, utadhani dereva ndo mwenyekiti wa bodi.

Saa 12 na nusu, Kimara Mwisho

Mwendokasi ya kwanza imejaa, inayofuata imejaa zaidi, nikaingia kwa kusukumwa. Wakati nimening'inia hapa niwaeleze hali ilivyo. Mi nipo IT kwenye benki moja hapa mjini, siitaji kwa jina maana bado nakula kwao. Helpdeski, sava, mtandao wa matawi, ATM, vyote vinachukuliwa na kampuni ya nje, mkataba ushasainiwa na watu wao washaingia ofisini na beji za rangi nyingine. Sisi tunabaki na nini haijasemwa. Yani ingekuwa tumeambiwa tunaondoka mbona afadhali, ningeshajua naanzia wapi. Hatujaambiwa kitu. Unaamka unawahi foleni unaenda kufanya kazi ambayo hujui kama bado ni yako.

Saa 2 asubuhi

Leo tarehe 25, mishahara ya watu inaingia, simu haipoi. Dada wa kaunta Kigoma katoka likizo paswedi imeisha muda wake. Utaratibu mpya ni kwamba asinipigie, afungue tiketi, yani aandike ombi la msaada, kwenye mfumo wa venda asubiri ndani ya masaa manne. "Kaka mteja kasimama hapa ananiangalia, na nyuma yake foleni imetoka mpaka nje." Nikamriseti, dakika mbili tu. Kwenye ripoti ya venda hiyo kazi haipo, na ndo zilivyo kazi zetu nyingi, zinaisha kwa simu hazihesabiki popote afu mtu wa mahesabu anaangalia namba anasema hawa jamaa mbona wana tiketi chache.

Saa 4, hendova

Chai na chapati mezani huku dogo wa venda kavuta kiti. Huyu ndo nakabidhiana nae. Kijana mzuri, kamaliza chuo cha teknolojia DIT, anaelewa haraka, ananiita braza, na ningependa kumchukia lakini imeshindikana. Tumepitia bakap, tumepitia swichi za matawi, anaandika kila kitu kwenye laptopu. Shida ni kwamba nusu ya kazi yangu haiandikiki. Nikampa mfano wa ile Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilivyokatika nchi nzima intaneti ikawa ya kuotea. Usiku ule tulikuwa tunahamisha matawi kwenye njia nyingine moja moja kwa mkono, na unaanza na tawi gani inategemea unajua lipi lina ATM zinazolisha mji mzima na meneja yupi atapokea simu saa nane usiku. Akaniuliza hiyo iko dokumenti gani. Haipo, nikamwambia, andika majina ya hao mameneja.

Afu tukafika kwenye kufunga akaunti za wanaoondoka. Hii inakuja kama orodha kutoka HR, idara ya rasilimali watu, asubuhi, wewe unafunga imeili, unafunga kadi ya mlango, unafunga mfumo wa benki, kabla mtu mwenyewe hajamaliza kuongea na bosi wake. Nimeifanya hii kazi kwa watu niliokula nao mchana jana yake. Sahivi kila asubuhi nikifungua ile orodha naangalia kwanza herufi ya jina langu. Nikamwelekeza dogo hatua zote, akajaribu kwenye akaunti ya majaribio, ikafungika vizuri. Tukaangaliana tukacheka wote wawili maana hapakuwa na kingine cha kufanya.

Watakaosema ni mambo ya kwetu tu wakumbuke mwaka 2015 magazeti ya Marekani yaliandika sana habari za watu wa IT wa Disney kule Orlando, waliambiwa wanaachishwa na wengine wakatakiwa kuwafundisha waliokuja kuchukua nafasi zao. Ila mi nilichokuja kugundua kuhusu dogo ndo kimenikata maini. Mkataba wake wa miezi sita, venda akipoteza tenda na ye kwisha, na Bodi ya Mikopo wanamkata asilimia 15 ya huo mshahara mdogo. Kwahiyo wasiwasi wangu haujaenda popote, umepewa mtu mwingine kwa bei nafuu zaidi.

Saa 7 mchana

Wali maharage kwa mama lishe nyuma ya jengo, na mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi kaja na karatasi zake. Huyu mzee ndo mtu pekee anayenipa usingizi siku hizi kwa sababu haleti tetesi. Anasema tulieni, someni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38. Mwajiri akitaka kupunguza watu lazima atoe notisi ya kusudio, atoe taarifa zinazohusika, na ashauriane nanyi kuhusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza hilo zoezi, vigezo vya kuchagua nani atoke, lini, na malipo ya kiinua mgongo. Na ukiona umeachishwa kinyume una siku 30 kwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, zikipita unaanza kuomba kuongezewa muda.

Tukapiga mahesabu kwenye leso ya karatasi. Kima cha chini cha kiinua mgongo kisheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Yani siku 70, na mtu aliyefanya kazi miaka kumi na tano nae siku 70 hizohizo, haifiki mishahara mitatu. Kuna notisi ya siku 28, kuna mfuko wa hifadhi ya jamii NSSF ambao ukikosa ajira na umechangia miezi 18 wanakupa theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Kinachonitisha mi ni mkopo wa nyumba. Nalipa riba ya mfanyakazi, nikitoka inapanda kuwa ya mteja wa kawaida, imeandikwa na nilisaini. Wali umepoa.

Saa 9 alasiri

Kikao na HR. "Tutawajulisha wakati muafaka" imesemwa mpaka nikaacha kuisikia. Nikanyoosha mkono nikauliza tu notisi ya kusudio imetolewa lini. Dada wa HR akaangalia karatasi akasema bado haijatolewa. Mzee wetu akaomba hilo jibu liingie kwenye muhtasari, likaingia. Kumbe kisheria mchakato wenyewe haujaanza, miezi yote hii tunakonda kwa maneno ya dereva! Haimaanishi tuko salama, ila angalau sasa najua karatasi gani nasubiri.

Saa 11 jioni

Kabla ya kutoka nimechapa salari slipu zangu zote na nakala ya mkataba nikaweka kwenye begi. Kila mtu wa ofisi afanye hivi, imeili ikishafungwa hutozipata kirahisi, naongea kama mfungaji. Njiani fundi wa Kibamba kapiga anataka saruji ya lenta, nikamwambia asubiri, akauliza hadi lini, nikasema nae "nitakujulisha wakati muafaka". Kakata simu.

Saa 2 usiku

Nimepita duka la dawa la jirani kumwekea mfumo wa mauzo, hela ya mboga imepatikana. Watu wananiambia si ujiajiri tu, hao hawajawahi kudai hela ya mteja wa mtaani. Mama watoto nimemwonyesha ile leso ya mahesabu, kaisoma mara mbili akasema basi ada ya muhula ujao tuilipe mwezi huu. Sawa.

Saa 5 usiku

Dogo huyo kwenye simu. "Braza, kufunga siku kumekwama, asilimia 80 haisogei." Kufunga siku ni ule mfumo wa benki kumalizia hesabu za siku nzima, na tarehe 25 huwa inakwama palepale, faili la mishahara likiwa kubwa. Nikamwelekeza asimamishe ripoti kwanza, aachie foleni iende, baada ya robo saa ikapita. Nikamwambia afungue tiketi na aandike jina langu kwenye aliyetatua. Akauliza kama kesho usiku pia anaweza kunipigia. Hilo nimemwambia aulize HR, na wakimjibu anifowadie.