Lori linalochemsha mlimani na klachi ya feni iliyosingiziwa

Lori lenye shehena likichemsha mlimani tu, huku kwenye tambarare mshale wa joto ukitulia mahali pake, mafundi wengi huitazama feni kwanza, na wana sababu nzuri ya kufanya hivyo. Gari linapokwenda kilomita 70 kwa saa, upepo wa mwendo hupita wenyewe kwenye rejeta, yaani chombo cha kupoza maji ya injini, na feni huwa haina kazi kubwa. Linapoupanda Mlima Kitonga, mkoani Iringa, kutoka upande wa Ruaha Mbuyuni, kwa gia za chini, injini hutoa joto jingi kuliko wakati wowote ilhali upepo wa mwendo karibu haupo, na hapo rejeta hutegemea feni. Kama lingechemsha kwenye tambarare kwa kasi, ningeanza kwingine: pampu ya maji, themostati (vali inayofunguka kwa joto kuyaruhusu maji yaende kwenye rejeta), au rejeta iliyoziba kwa ndani.

Hivi karibuni nililetewa kichwa cha kuvuta trela chenye tabia hiyo hasa. Mwenye gari alikuwa amekwisha kununua na kufungiwa klachi mpya ya feni, kifaa kinachoiunganisha feni na injini pale inapohitajika, kwa ushauri wa gereji nyingine, na themostati ilikuwa imetolewa kabisa. Desturi hii ya kutoa themostati siipendi. Mlimani, maji yakiwa yamepata moto, themostati nzima huwa imekwisha kufunguka, kwa hiyo kuitoa hakuongezi kitu. Tena kwenye injini nyingi za malori themostati ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji, na ikikosekana sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kuna pia wanaoifunga feni kwa boliti izunguke na injini muda wote. Feni ya lori kubwa ikivuta kikamilifu inaweza kula nguvu za farasi makumi kadhaa, na anayelipa gharama hiyo ni mwenye kununua dizeli.

Klachi hiyo mpya ilikuwa ya silikoni, isiyo na waya wala bomba la upepo. Ndani yake mna mafuta mazito ya silikoni, na usoni mwake kuna springi ya metali mbili zilizoshikamana, ambazo hutanuka kwa viwango tofauti zikipata joto. Springi ikijikunja kwa joto hufungua vali, silikoni huingia kwenye mifereji iliyo kati ya sehemu inayozungushwa na injini na ile iliyobeba feni, na feni huanza kuvuta kwa nguvu. Jambo linalosahaulika ni kwamba springi hiyo haijui joto la maji. Inachohisi ni joto la hewa iliyokwisha kupita kwenye rejeta na kuigonga usoni.

Nilizima injini, nikatoa ufunguo, nikaizungusha feni kwa mkono ikiwa baridi. Ilikuwa na uzito wa wastani, haikuzunguka ovyo, beringi haikuwa imelegea, na hapakuwa na michirizi ya mafuta iliyoshika vumbi, ambayo ndiyo dalili ya silikoni kuvuja. Asubuhi injini ilipowashwa, feni ilinguruma kwa muda mfupi kisha ikatulia. Klachi nzima mara nyingi hufanya hivyo, kwa kuwa gari likilala silikoni hurudi kwenye mifereji na huhitaji muda kusukumwa itoke. Baadaye, maji yalipopata moto, nilipima kwa kipima joto: tangi la juu la rejeta liliunguza, lakini hewa iliyofika katikati, mkabala na springi, ilikuwa vuguvugu tu. Klachi ilikuwa inasubiri joto ambalo halikuifikia.

Tulifungua intakula, yaani kipoza hewa ya turbo kinachokaa mbele ya rejeta, na kuitenga na rejeta. Katikati yake palikuwa na tabaka la vumbi, makapi ya nyasi na wadudu, lililoshikana kwa mafuta kama zulia, na nene zaidi pale pale katikati. Kwa mbele kila kitu kilionekana safi, kwa sababu waosha magari huelekeza maji ya presha mbele ya grili na kuusukuma uchafu ndani. Mafuta yalitokea kwenye kiungo cha bomba la intakula ambacho klampu yake ilikuwa imelegea. Tuliibadilisha, maana bila hivyo vumbi lingeganda upya baada ya muda mfupi. Rejeta tuliiosha kwa sabuni na maji yasiyo na presha kubwa, kutoka upande wa injini kuelekea mbele, ili mapezi, yale mabati yake membamba ya kupoza, yasikunjike. Mpira unaoziba mwanya kati ya kava ya feni na rejeta ulikuwa umechanika, hivyo sehemu ya hewa ilivutwa kutoka pembeni bila kupita kwenye rejeta. Huo nao tuliubadilisha, kisha tukarudisha themostati mpya.

Dereva alipopanda tena Kitonga na mzigo, feni ilisikika ikinguruma kabla mshale haujafika mbali, na haukufika kwenye nyekundu. Klachi ya zamani, ambayo mwenye gari alikuwa bado ameihifadhi, niliifunga na kuipima kwa njia zile zile. Ilikuwa nzima, na sasa iko stoo kama akiba.