Udongo kwanza, kinyago baadaye

Ukitaja sanaa Mtwara, watu wanafikiria kinyago cha mpingo. Ukianzisha kikundi cha sanaa kwa waliokata tamaa ya kuishi, usianzie huko. Mpingo ni mgumu, unadai patasi na visu vikali, na mkato ukikosewa ndiyo basi. Udongo wa mfinyanzi unasamehe: ukiharibu, unaponda na kuanza upya.

Watu sita hadi wanane wanatosha, kwa saa moja na nusu kila wiki, wiki nane. Wasimamizi wawe wawili, ili mmoja akitoka nje na aliyezidiwa, mwingine abaki na wenzake. Msianze karibu na Oktoba, msimu wa korosho. Mahudhurio yatakatika na hutajua nani yuko shambani na nani amejifungia ndani.

Kila mtu apewe kilo moja ya udongo. Kwa vikombe vitano vya udongo changanya kimoja cha mchanga laini uliochekechwa, usipasuke ukikauka. Ukandwe dakika kumi hivi, hewa itoke. Kisha viringisheni kamba nene kama kidole gumba, mzizungushe juu ya kitako cha chungu. Kila kiungo kikwaruzwe na kulowanishwa kidogo, la sivyo kitaachia. Kausheni kivulini wiki moja. Wakati wa mvua, wiki mbili au zaidi.

Hapo ndipo penye mtego. Chungu kikiingia motoni na unyevu, maji yanageuka mvuke na kukipasua. Fundi anajua sababu, lakini mwenye huzuni nzito anaona nuksi yake. Mwambieni mapema, au msichome kabisa awamu ya kwanza. Asiyependa udongo mikononi apewe miyaa, yaani majani ya kusukia, asuke ukili, utepe wa kushonea mkeka. Kusuka nako kuna faida yake: macho yako kwenye kazi, na maneno hutoka bila kutazamana usoni.

Usitafsiri kazi ya mtu. Chungu kilichotobolewa huenda ni cha maua tu. Sema, "Niambie kuhusu hiki," kisha nyamaza. Usimwagize mtu achore siku mbaya kuliko zote maishani mwake. Atafungua kidonda ambacho saa moja na nusu haitoshi kukifunga.

Dalili za kukutia wasiwasi ni mtu kugawa vitu vyake, kuaga kwa namna isiyo ya kawaida, kusema yeye ni mzigo, au kutulia ghafla baada ya majonzi marefu. Mwite pembeni umuulize waziwazi: "Dada, unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, mara nyingi linampunguzia mzigo. Akikubali, usihubiri wala usimwapize. Usimwache peke yake, vitu vya hatari viondolewe karibu naye, na msindikizeni siku hiyohiyo kituo cha afya au hospitali, kama Ligula kwa Mtwara mjini au Sokoine kwa Lindi. Ufinyanzi hauchukui nafasi ya dawa wala ya mtaalamu. Na asiahidiwe kwamba siri yake haitatoka kamwe. Mwambieni mapema kwamba maisha yakiwa hatarini, mtu mwingine atahusishwa.

Mwisho wa kikundi utajwe tangu wiki ya sita, usiwashtue. Vyungu ni vya waliovifinyanga: hakuna maonyesho wala picha bila ridhaa yao. Asiyefika mara mbili afuatwe nyumbani. Simu peke yake haitoshi.