Uji Mzito, Dagaa na Mawese: Jinsi Tulivyomlikiza Binti Yetu Mjini Kigoma

Binti yetu Zawadi alitimiza miezi 6 mwezi Juni 2024, wakati Ziwa Tanganyika likiwa limepumzishwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, kwa hiyo alifika umri wa kuanza kula katika majira ambayo samaki wabichi wa ziwani walikuwa wameadimika sokoni na dagaa wakavu wamepanda bei. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, nami nina duka dogo hapa Mwanga, mjini Kigoma, mbele ya nyumba tunayoishi. Kwa kuwa mchana mimi ndiye ninayebaki nyumbani, sehemu kubwa ya kazi ya kumlisha iliniangukia mimi. Nitaeleza tulivyofanya, na nitakaa zaidi kwenye uzito wa uji, kwa sababu naona wazazi wengi tunahangaikia aina za nafaka huku tukiwapa watoto maji yaliyopakwa unga.

Kufika miezi 6 kwa maziwa ya mama peke yake hakukuwa jambo jepesi. Likizo ya uzazi ni siku 84, na ilipokwisha mke wangu alirudi darasani wakati mtoto hajafikisha hata nusu ya muda huo. Sheria ya kazi inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku za kwenda kumnyonyesha mwanawe, na kwa bahati shule haiko mbali, hivyo alikuja mchana akanyonyesha na kurudi. Maziwa aliyokamua alfajiri nilimpa mtoto kwa kikombe kidogo, si kwa chupa ya chuchu, ambayo ni ngumu kuisafisha mpaka ndani.

Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Kasulu kumsaidia binti yake, hakuridhika na mpango huo. Aliniambia kwa upole, akiwa amemshika mtoto, "Baba Zawadi, hawa wangu wote niliwapa uji wa muhogo wakiwa na miezi 3, na wamekua." Mkwe hajibizani na mama mkwe, hasa kwetu sisi Waha, kwa hiyo nilisema tu, "Ndiyo, Mama," nikamwachia mke wangu azungumze naye. Mke wangu naye alikuwa mwerevu: badala ya kubishana, alimwomba mama yake ndiye ampeleke mtoto kliniki siku ya kupimwa uzito. Huko muuguzi aliwaeleza kina mama wote waliokaa kwenye benchi kwamba mtoto wa chini ya miezi 6 anapata maji na chakula chote kwenye maziwa ya mama, na kwamba kinachoingizwa mapema huleta kuhara na kupunguza hamu ya kunyonya. Mama alirudi na maneno hayo akituambia sisi kana kwamba hatukuwahi kuyasikia, na suala likaisha.

Miezi 6 ilipotimia dalili nazo zilikuwa wazi. Mtoto alikaa kwa kuegemezwa bila kichwa kuyumba, alinyoosha mkono kuelekea sahani zetu, na kijiko kilipomgusa midomo hakukisukuma tena nje kwa ulimi. Muuguzi alitueleza pia kwa nini hatukupaswa kuchelewa: akiba ya madini ya chuma ambayo mtoto huzaliwa nayo huanza kupungua sana karibu na umri huo, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, hayawezi kuziba pengo hilo. Zawadi alipewa matone ya vitamini A siku hiyo hiyo, yakaandikwa kwenye kadi.

Likizo ya shule ya Juni ilitusaidia kuanza tukiwa wote nyumbani. Tulianza na vijiko 2 au 3 vya uji wa dona, mara mbili kwa siku, baada ya kunyonya. Kila chakula kipya tulikitanguliza peke yake kwa siku chache kabla ya kuongeza kingine, ili kama kingemletea vipele au kuhara tujue ni kipi.

Sasa niseme habari ya uzito wa uji. Tumbo la mtoto linaweza kubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, maana yake mtoto wa kilo 8 anashiba kwa kikombe kimoja cha kawaida. Kati ya miezi 6 na 8 anahitaji kiasi cha kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa anayonyonya. Ukimpa uji mwepesi unaonyweka kwa kikombe, tumbo linajaa maji, mtoto analala, mzazi anafurahi kwamba ameshiba, na baada ya miezi michache mstari kwenye kadi ya kliniki unaanza kulala nao. Uji unaofaa ni ule unaobaki juu ya kijiko ukikiinamisha. Tatizo ni kwamba uji wa namna hiyo, kwa mtoto anayejifunza kumeza, ni mgumu na unamkwama, na Zawadi alikuwa akiukunja uso na kuutema.

Hapo ndipo mama mkwe, ambaye nilidhani ana habari za muhogo tu, alipotuletea kimea. Alichukua ulezi, akaulowesha usiku kucha, akauchuja, akaufunika kwa kitambaa kibichi mpaka ukachipua vimizizi vyeupe, kisha akauanika juani na kuusaga. Alikataa tusitumie mtama kwa kazi hiyo, na nilipoulizia nikaambiwa ana haki, kwa kuwa machipukizi ya mtama yana sumu ya sayanidi. Tulipika uji mzito wa kusimamisha mwiko, tukauepua, tukasubiri moshi upungue, halafu akatia kijiko kimoja kidogo cha kimea na kukoroga. Kwa muda kidogo hakikutokea kitu. Kisha mwiko uliokuwa umesimama wenyewe katikati ya sufuria ukaanza kuinama, ukaegemea ukingo, na ule uji uliokuwa kama ugali ukamiminika kutoka kwenye upawa bila kuongezwa hata tone la maji. Nafaka inapochipua hutengeneza kimeng'enya kinachokata wanga vipande vifupi visivyoweza kushika maji mengi, ndiyo maana uji unalainika ilhali unga wote bado umo ndani. Ukitia kimea uji ukiwa unachemka, moto unakiua kimeng'enya na hupati kitu. Baada ya kulainika tuliurudisha jikoni ukachemka dakika chache, kwa sababu mbegu zilizokaa kwenye kitambaa chenye unyevu haziwezi kukosa vijidudu. Kwa maoni yangu hakuna jambo jingine tulilofanya lililokuwa na faida kubwa kama hili, na gharama yake ni ulezi usiojaa hata kikombe.

Dagaa ilikuwa shughuli ya pili. Kabla ziwa halijafungwa tulikuwa tumenunua akiba ya dagaa waliokaushwa juu ya kichanja, wala si wale wa kuanikwa chini kwenye mchanga, ambao bei yake ni nafuu lakini unawaosha mpaka mikono inachoka na bado unasikia chembe kwenye meno. Hata hao wa kichanja niliwavunja vichwa, nikawaosha kwa maji ya moto, nikawakausha tena juani na kuwapitisha kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo hadi wakawa wanakatika kwa vidole. Niliwatwanga kwenye kinu, nikachekecha, nikarudia kutwanga yale makapi. Unga uliopatikana nilikuwa nautengeneza kidogo kidogo na kuuweka kwenye kopo lenye mfuniko, kwa kuwa mafuta ya samaki huchacha haraka. Kijiko kimoja cha chai kwenye uji kilitosha. Dagaa anayeliwa mzima na miba yake anampa mtoto protini, chuma, zinki na kalisiamu kwa pamoja. Akiba ilipokaribia kwisha mwezi Julai tuliegemea zaidi maharage ya njano, yaliyoloweshwa usiku, kuchemshwa hadi kuvurugika na kupitishwa kwenye chujio ili maganda yabaki nje, na mayai yaliyoiva kabisa. Baada ya maharage nilimpa vijiko viwili vya juisi ya chungwa, kwani vitamini C husaidia mwili kuchukua chuma cha kwenye nafaka na mikunde. Chai, ambayo bibi yake alipenda kumwonjesha, inafanya kinyume chake.

Mawese hatukuyatafuta mbali, mkoa huu una michikichi kila upande. Kijiko cha chai cha mafuta kina takriban kilokalori 40, na mawese mekundu yana kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Mradi yasiunguzwe: watu wengi huyachemsha mpaka yawe meupe ili kuondoa harufu, na rangi ikiondoka faida hiyo huondoka nayo. Tuliyatia kwenye chakula kikiwa kimekwisha kuiva. Nguo za mtoto zote za miezi hiyo zina madoa ya rangi ya machungwa ambayo hakuna sabuni dukani kwangu iliyoyaweza, na ninaziuza za kila aina.

Kuhusu dukani, ninauza pia unga wa lishe uliochanganywa, na wateja huniuliza kwa nini simpi mwanangu. Nawajibu kwamba sina ugomvi nao, ila ule wenye orodha ndefu ya nafaka, soya na karanga ndani ya pakiti moja siuamini sana. Soya isiyochemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa huzuia usagaji wa protini tumboni, na karanga zilizosagwa zikikaa muda mrefu huchacha, tena zikiwa zilihifadhiwa vibaya zinakuwa na sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, ambayo huwezi kuiona wala kuionja ndani ya unga. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga za Zawadi nilizichambua moja moja mezani, nikitupa zote zilizosinyaa au kubadilika rangi, nikazikaanga na kuzitwanga laini siku ya kuzitumia. Karanga nzima hazimfai mtoto mdogo kwa namna yoyote, humpalia.

Jambo lililonigharimu uvumilivu kuliko yote ni kumwacha mtoto aamue ameshiba. Mama mkwe alizoea kumnywesha mtoto uji kwa kiganja huku mtoto amelala chali, na mtoto akikataa anabanwa pua mpaka afungue kinywa. Njia hiyo inaweza kupeleka uji mapafuni. Sikuweza kumwambia mimi, mke wangu alimwambia, na nadhani hakukubali moyoni, lakini aliacha. Sisi tulimketisha mapajani akitutazama, na akigeuza uso mara ya pili tulisimama, hata kama kibakuli kilikuwa na nusu. Chakula kilichobaki hakikuwekwa. Uji wa asubuhi kukaa kwenye chupa ya chai hadi jioni, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi, tuliuepuka, kwani joto linaposhuka vijidudu huzaliana.

Mwezi Agosti alishikwa na malaria. Siku hizo alikataa kijiko kabisa na tukamnyonyesha kadiri alivyotaka. Homa ilipoondoka tulifuata ushauri wa kliniki wa kumwongezea mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili, na mzani wa kuning'iniza ulionyesha amerudi alipokuwa. Wakati huo ziwa lilikuwa limefunguliwa, migebuka ikarudi sokoni. Nilichemsha vipande vya nyama ya mgongoni, nikavipapasa kwa vidole kutafuta miba, nikaviponda pamoja na ndizi na mawese. Hicho ndicho chakula cha kwanza ambacho alikililia kilipokwisha.

Kuanzia miezi 9 tuliacha kuponda kila kitu. Tulimkatia parachichi, papai na ndizi zilizoiva vipande vya kushika mwenyewe, isombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa laini akaila pamoja na ugali mlaini, na milo ikawa mitatu na kitu kidogo katikati, nusu kikombe kila mlo. Ugali wa muhogo peke yake tuliuacha uwe wa mara chache, kwa kuwa unga wake una protini kidogo mno. Asali hatukumpa hadi alipotimiza mwaka, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kupoozesha misuli ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvidhibiti, na maziwa ya ng'ombe ya kunywa nayo yalisubiri hadi hapo.

Alipotimiza mwaka alikuwa akila kile tunachopika, kwenye sahani yake mwenyewe, pilipili tukiitenga pembeni baada ya kumpakulia. Kunyonya kuliendelea asubuhi, jioni na usiku, na mpango wa mama yake ulikuwa kufika miaka 2. Sasa kimea anakihitaji mtoto wa jirani yetu, ambaye mama yake aliniuliza dukani kama ninakiuza. Sikiuzi, nilimpimia ulezi na kumweleza jinsi ya kuuchipusha.