Nyekundu Inakula Mbili

Jumamosi. Upepo wa Dodoma leo umeamka vibaya. Vumbi limeingia mpaka ndani ya daftari, tena kwenye kurasa za kwanta, ambazo hata bila vumbi nilikuwa sizioni vizuri.

Nasoma uhandisi wa elektroniki, mwaka wa pili. Tunapitishwa kwenye mekanika ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kabisa kama elektroni, ili tukifika kwenye transista, zile swichi ndogo za ndani ya redio na simu, tusishangae. Mimi nimeshangaa kabla sijafika. Mlinganyo wa Schrödinger wa 1926, unaoeleza mwenendo wa chembe hizo, naujua kwa kichwa. Nipe chembe iliyofungiwa kwenye sanduku, nitakukokotolea ngazi zake zote za nishati. Ila ukiniuliza hizo ngazi zinahusiana nini na redio, nilikuwa nakohoa kidogo na kuomba maji.

Jana nilishuka mjini, nikaenda Sabasaba kutafuta taa ndogo za LED. Kuna mzee mmoja pale, fundi redio, ana meza ya mbao, pasi ya risasi na kopo la maziwa lililojaa vipuri alivyong'oa kwenye mitambo iliyokufa. Nikampa shikamoo, nikamwambia nataka rangi nne. Akawa anazijaribu moja moja kwa betri mbili kuukuu alizozifunga pamoja kwa mpira wa baiskeli. Nyekundu ikawaka. Njano ikawaka. Kijani ikawaka kwa kusuasua. Bluu, kimya.

"Hii imeungua, mzee."

"Haijaungua, mwanangu. Betri zimechoka. Nyekundu inakula mbili, bluu inakula tatu."

Akachukua betri ya simu, akaigusisha kidogo. Bluu ikawaka.

Kwenye daladala ya kurudi Ng'ong'ona ndipo iliponigonga. Nishati ya chembe moja ya nuru ni masafa yake mara namba ya Planck, ile aliyoileta mwanafizikia Max Planck mwaka 1900. Masafa ya bluu ni makubwa kuliko ya nyekundu, kwa hiyo bei yake iko juu. Bei hiyo inalipwa kwa volti, ndizo zile mbili na tatu za fundi. Na elektroni inalipa yote kwa mkupuo, haikopi. Konda alikuwa anamshusha kijana mwenye nusu nauli. Wangekuwa ishirini kama yeye, kila mmoja na nusu yake mkononi, asingepanda hata mmoja.

Usiku nikajifungia geto. Multimita ya kuazima ya kupima volti, kizuizi cha kugeuza cha kupandisha umeme taratibu, pazia la khanga, na mrija wa karatasi nyeusi wa kuchungulia taa inapoanza tu kuwaka. Nyekundu volti 1.75. Njano 1.90. Kijani 2.2. Bluu 2.5. Urefu wa mawimbi nilikadiria, maana vipuri vya kwenye kopo havina lebo. Kutoka hapo nikapata masafa, nikachora mstari wa volti dhidi ya masafa, mwinamo wake nikauzidisha kwa chaji ya elektroni, ikatoka namba ya Planck: 7.4 × 10⁻³⁴. Vitabu vinasema 6.63 × 10⁻³⁴. Nimekosea kwa kama asilimia 12, na kwa pazia la khanga sioni haya hata kidogo.

Halafu nikakumbuka redio ya babu kule Kongwa, ilikuwa na kitaa chekundu tu. Kumbe LED nyekundu ilionekana 1962, bluu yenye mwanga wa maana ikasubiri hadi miaka ya 1990, kwa sababu kupata fuwele yenye pengo la nishati pana kiasi kile, yaani ngazi ambayo elektroni inaishuka na kutoa nuru, na ikakubali kutengenezeka, ilikuwa kazi kweli. Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Nobel kwa hilo mwaka 2014. Mimi nilidhani ni suala la kupaka rangi.

Leo asubuhi nikampelekea fundi grafu yangu. Akaitazama, akaipuliza vumbi, akanirudishia.

"Sawa. Na nyeupe je? Nayo inakula tatu."

Nikaanza kumweleza kwamba nyeupe ni mchanganyiko wa rangi zote, kwa hiyo masafa yake... nikakwama. Nyeupe haina masafa yake.

Hakusema kitu. Akafungua tochi mbovu, akatoa taa yake, akachukua wembe na kukwangua taratibu ile gundi ya njano iliyo juu. Akaigusisha kwenye betri ya simu.

Bluu.