Uji mtupu haurudishi mguu

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, na kiharusi kilinipiga upande wa kulia, upande wa mkasi. Maneno yalirudi mapema, namshukuru Mungu. Mguu na mkono ndivyo vilivyochelewa. Naandika kwa ajili ya wanaouguza mzazi nyumbani, maana naona mitaa yetu ina wagonjwa wengi waliokalishwa kwenye kochi, blanketi miguuni, kikombe cha uji mkononi, na kila anayepita anawaambia, "Mama, wewe tulia tu, usijichoshe." Wanasema kwa upendo. Lakini kutulia huko kutwa nzima ndiko kunakommalizia mtu misuli iliyobaki, na uji peke yake hauna cha kuijenga upya.

Kiharusi kinatokea kwenye ubongo, damu inapozuiwa isifike au mshipa unapopasuka. Mguu wenyewe haujaumia. Mwanzoni unalegea kwa sababu amri ya ubongo haifiki sawasawa. Halafu, kwa kuwa hautumiki, misuli yake nayo inaanza kusinyaa, na hilo linaanza mapema, mtu akiwa bado kitandani. Hata mguu mzima, ule usioguswa na kiharusi, unapungua nguvu kwa kukaa. Mimi niliyaona haya kwa futikamba yangu. Nilihesabu sentimita 10 juu ya goti, nikazungusha paja la kushoto, kisha la kulia. La kulia lilikuwa limepungua kwa sentimita 3. Mtu aliyeshinda maisha yake akipima mapaja ya wateja anajua sentimita 3 ni nini: hiyo ni suruali nyingine kabisa.

Kijana wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, aliyenihudumia hakunipa dawa ya kupaka. Alivuta kiti akaniambia, "Mama, leo tunasimama na kukaa. Basi." Zoezi hili nalipenda kuliko yote, kwa hiyo nitalieleza vizuri. Kiti kiwe kigumu, kisiwe kochi linalozama, na kiegemezwe ukutani kisiteleze. Kama kusimama kunashinda, kunja blanketi uweke juu ya kiti ili kiinuke. Nguvu zikiongezeka, unaliondoa. Vuta visigino nyuma kidogo ya magoti. Inamisha kifua mbele hadi pua ipite vidole vya miguu, ndipo unyanyuke. Ujanja wa mwili ni kubebesha mguu mzima mzigo wote, hivyo sogeza mguu mzima mbele kidogo ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Kisha kaa polepole, ukihesabu hadi nne. Huko kushuka taratibu ndiko kunakochoma paja, na ndiko kunakojenga. Hesabu kwa sauti, kwa sababu anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi, na kubana pumzi ukiwa unasukuma kunapandisha presha ghafla. Mtu wa nyumbani asimame upande ule dhaifu, akiwa tayari kukushika kiunoni.

Misuli haikui bila kuongezewa mzigo. Nilichukua mabaki ya jinzi, nikashona mfuko wenye kamba mbili, nikajaza mchanga na kuupima kwenye mizani ya dukani: nusu kilo. Naufunga juu ya kifundo cha mguu, nakaa kwenye kiti, nanyoosha goti hadi mguu unyooke, nashikilia kidogo, nashusha pole. Ukiweza kunyanyua mara kumi hadi kumi na tano na za mwisho zikawa ngumu kweli, uzito huo ni wako. Zikiwa rahisi zote, ongeza mchanga. Mazoezi ya uzito yanatosha mara mbili au tatu kwa wiki, misuli ile ile ikipata walau siku moja ya kupumzika katikati, kwa sababu inajijenga wakati wa kupumzika. Siku nyingine ni za kutembea na kunyoosha viungo.

Kuna wanaoogopa kwamba uzito utazidisha kule kukakamaa kwa mkono na mguu kunakowapata baadhi baada ya ule ulegevu wa mwanzo. Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa wagonjwa wa kiharusi, na mazoezi ya nguvu hayaonekani kuzidisha kukakamaa. Kinachokakamaza zaidi ni kiungo kuachwa kimekunjwa vile vile asubuhi hadi jioni. Baridi ya Juni na Julai nayo inakaza viungo, ndiyo maana miezi hiyo nafanya zoezi mchana, jua likishapasha moto nyumba. Kuchuliwa kwa mafuta kunaburudisha, sikatai, ila mikono ya mchuaji haimjengei mwingine misuli. Na tafadhali, msimnyanyue mgonjwa kwa kumvuta mkono uliopooza. Bega lake halishikiliwi na misuli kama zamani. Linateguka, na maumivu yake yatamzuia kufanya zoezi lolote.

Sasa chakula, maana hapa ndipo nina uchungu zaidi. Sisi wa nyanda za juu hatuna njaa. Mtu akiugua analetewa ndizi kutoka Tukuyu, mchele wa Kyela, viazi mviringo, unga wa ulezi. Vyote vizuri, na nguvu ya kufanyia zoezi inatoka huko. Ila vyote hivyo kwa sehemu kubwa ni wanga, na misuli inajengwa kwa protini. Mtu mzima anayejijenga baada ya ugonjwa anahitaji kama gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na wengine hupangiwa hadi 1.5. Mimi nina kilo 62, kwa hiyo kwangu ni kama gramu 74. Wenye ugonjwa wa figo wasifuate hesabu hii kabla ya kuzungumza na daktari.

Asubuhi nakula mayai mawili na kikombe kikubwa cha maziwa: hizo ni kama gramu 20. Mchana, kikombe kilichojaa maharage yaliyoiva ni kama 15, na konzi ya dagaa wakavu wa Ziwa Nyasa inaongeza zaidi ya 10. Jioni kipande cha samaki au kuku cha gramu 100, baada ya kupikwa, ni kama 25 au zaidi. Hapo nimefika, na ugali sijauhesabu. Ni bora kuigawa hivi katika milo yote kuliko kula nyama nyingi Jumapili na kushindia chai siku nyingine, hasa kwa sisi wenye umri, ambao misuli yetu inahitaji protini ya kutosha kwa mlo mmoja ndipo iitikie. Pasipo na hela ya nyama, ongeza maharage, karanga, soya na dagaa. Anayekonda aongezewe parachichi, tena linapatikana kwetu, kwa sababu mwili ukikosa nguvu kwenye chakula unachoma hiyo hiyo protini uliyoitafuta kwa shida. Chumvi ipungue, isizidi kijiko kidogo cha chai kwa siku nzima, na dagaa waliotiwa chumvi waloweshwe kwanza.

Kama mgonjwa anakohoa akinywa maji, au sauti inakuwa ya majimaji baada ya kumeza, acheni kumnywesha hadi apimwe anavyomeza. Chakula kinaweza kuingia mapafuni. Akiruhusiwa, akae wima kabisa, apewe kidogo kidogo.

Dawa za presha haziachwi kwa sababu mguu umepata nguvu. Presha ipimwe kabla ya zoezi, na daktari akuambie presha ikifika kiwango gani hufanyi zoezi siku hiyo. Kikija kizunguzungu, maumivu ya kifua au kichwa kuuma ghafla, acha papo hapo. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakigoma, ni hospitali wakati huo huo, hata kama dalili zimepotea baada ya dakika chache.

Mara nyingi naulizwa, "Dada, na yule asiyeweza hata kukaa?" Anaanzia kitandani. Alale chali, magoti yakunjwe, wewe ushike unyayo wa mguu dhaifu usiteleze, kisha anyanyue makalio juu ya godoro kadiri anavyoweza, akihesabu kwa sauti, na kushusha taratibu. Anajenga misuli ile ile ya makalio na paja atakayoihitaji kusimamia, na wewe unapata urahisi wa kumvisha nguo. Mwombe mtaalamu wa viungo akuonyeshe mara ya kwanza pa kuweka mikono yako.